Njoo Ijumaa

Nairobi nzima inajua kwamba fundi wa nguo akikuambia "njoo Ijumaa", hajakuambia kitu. Ijumaa ya fundi haimo kwenye kalenda. Utaenda, utamkuta na futi shingoni, atatabasamu kana kwamba ni yeye aliyekuwa akikungoja wewe, kisha atakuonyesha mkono mmoja wa koti lako na kusema limebaki kidogo tu. Mama yangu alikuwa fundi wa namna hiyo kwa miaka 27. Kibanda chake cha mabati kilikuwa Kawangware, hatua chache kutoka mwisho wa matatu za 46, na kwa muda wote huo sikumbuki nguo hata moja iliyotoka siku iliyoahidiwa, isipokuwa gauni moja la arusi. Hata hilo lilitoka asubuhi ya arusi yenyewe, bibi arusi akingoja nje kwenye teksi.

Kwa hiyo nilishtuka, Januari 2019, nilipomwona ameketi na daftari la oda akipanga tarehe. Wiki hiyo daktari alikuwa amemweleza kwamba uvimbe wa titi la kushoto ni saratani, kwamba titi litatolewa, na kwamba baadaye atapewa kemo mara nane, kila baada ya siku 21. Mama akatoa penseli nyuma ya sikio akaanza kuhesabu. Siku ya dawa hafanyi kazi. Siku nne zinazofuata hafanyi kazi. Wiki ya pili anakata vitambaa. Ya tatu anashona. Sare za shule, zile za wazazi waliochelewa, akaziweka kabla ya upasuaji. Sketi za kwaya ya kanisa akaziweka kati ya kemo ya pili na ya tatu. Kila mteja akapewa tarehe, na safari hii ilikuwa tarehe ya kweli. Ugonjwa uliokuja kumwondolea uhakika wa kila kitu ulimwondolea kwanza uongo wa Ijumaa.

Mimi sikuelewa nilichokuwa nikikitazama. Nilidhani tumaini ni kitu kingine kabisa, na hilo kosa ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi ya kusahihisha vitabu mjini, kwenye ofisi moja ya ghorofa ya nne. Ukiegemea dirisha la choo cha wanawake ulikuwa ukiona pembe ya Bustani ya Jeevanjee. Saa saba mchana wahubiri walikusanyika pale, kila mmoja na kipaza sauti chake na Biblia iliyochakaa, na makarani wa mjini waliketi kwenye nyasi wakila mahindi ya kuchoma huku wakiahidiwa uponyaji. Juu ya meza yangu, mwezi huohuo, palikuwa na muswada wa kitabu cha kuhamasisha. Mwandishi wake simtaji; alikuwa mtu mwema na alilipa kwa wakati. Sura ya sita ilisema magonjwa makubwa huanzia akilini, kwamba saratani hulishwa na uchungu na kukata tamaa, na kwamba mgonjwa anayewaza mema huushinda mwili wake.

Nilisahihisha nukta na mikato ya sura hiyo, nikaenda nayo nyumbani moyoni kama dawa.

Basi nikaanza kumsimamia Mama mawazo. Akisema, "Nimechoka," ninasema, "Usiseme umechoka Mama, sema unapata nguvu." Akisema anaogopa kisu, ninamwambia woga ndio adui. Mashangazi walinisaidia. Walimjazia simu jumbe za majani ya mstafeli, juisi ya bitiruti, na mama fulani wa Kinoo aliyekataa kemo, akaamini tu, na uvimbe ukayeyuka. Hakuna aliyewahi kumwona huyo mama wa Kinoo. Wageni walipofika nyumbani walikuwa na sentensi moja, "Utapona tu, kuwa na imani," na waliisema haraka, wakitazama mlango.

Kemo zilianza Februari. Tulipanda 46 alfajiri, tukashuka Hurlingham, tukatembea polepole hadi hospitalini kwa sababu Mama hakutaka kubadilisha matatu mbili kwa safari ya robo saa. Dawa ya kwanza ilikuwa nyekundu. Sista aliketi kando yake akaisukuma kwa mkono, taratibu, kwa bomba kubwa la sindano, macho yake yakiwa kwenye mshipa, kwa maana ikivuja nje inachoma nyama. Alimwonya Mama asishtuke akienda haja ndogo na kukuta ni nyekundu pia. Mama aliirudisha habari hiyo kwenye benchi la wagonjwa kana kwamba ni umbeya wa mtaani. Wiki ya tatu nywele zilikuja zote kwenye kitana. Nilimpeleka mjini, mtaa wa Dubois, tukajaribu wigi kumi hivi. Akalichagua moja lenye mawimbi, akalivaa hadi steji, akalivua ndani ya matatu akisema linamfanya afanane na mwanasiasa. Alirudi kwa leso.

Pengo la titi alilitatua mwenyewe, bila kumuuliza mtu. Alishona mfuko mdogo wa pamba laini, mviringo, akaujaza ndengu. Uzito wa kwanza haukumridhisha: bega moja lilikuwa likipanda. Akaenda kwa muuza nafaka jirani, akaomba mizani, akapunguza punje kidogo kidogo huku akijishika upande wa kulia kukisia, na yule kijana wa nafaka akitazama juu kwa adabu. Uliishia karibu robo tatu ya kilo. Mvua za Aprili zilipomnyeshea akitoka kanisani, alisahau kuutoa na kuukausha, na baada ya siku mbili ndengu zikaanza kuota. Alicheka hadi akaketi chini. "Hata hili limekuwa na uhai," alisema. Hicho kicheko sikumfundisha mimi.

Kwenye benchi la kungojea kemo palikuwa na mzee mmoja wa Uthiru, mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana. Siku zote alifika kabla yetu, na siku zote alikuwa amekasirika. Alimwambia kila aliyemsalimu kwamba hatafika Krismasi. Dawa alisema ni maji. Madaktari alisema ni watoto. Mtu akijaribu kumtia moyo, alimjibu, "Wewe ndiye unayekufa au mimi?" Mimi nilimkwepa. Nilimwona kama mtu anayejiua kwa mdomo, na niliogopa asije akamwambukiza Mama.

Mama alimpenda. Aliketi naye makusudi. Siku moja aliona jinsi mzee alivyokuwa ameishikilia suruali kiunoni kwa kamba ya katani, maana alikuwa amepungua sana, akatoa futi mkobani na kumpima palepale kwenye benchi, wagonjwa wakitazama.

"Nitakupunguzia. Njoo nayo wiki ijayo."

"Ukipunguza, kata kabisa hicho kitambaa, fundi. Mimi sinenepi tena kabla ya kuzikwa."

"Mzee, mimi ndiye fundi."

Halafu ukafika Julai 2019, mwezi ambao Nairobi haikuzungumza kingine. Tarehe 1 alikufa Bob Collymore, mkuu wa Safaricom, kwa saratani ya damu. Tarehe 26 Ken Okoth, mbunge wa Kibra, saratani ya utumbo, akiwa na miaka 41. Siku tatu baadaye Joyce Laboso, gavana wa Bomet. Hawa ni watu waliokuwa wametibiwa Uingereza, Ufaransa na India. Runinga ya chumba cha kungojea ilirudia picha zao kutwa, na benchi zima lilikuwa kimya kwa namna ambayo sijaisikia tena. Hesabu ilikuwa wazi kwenye kila uso: kama hao, basi sisi?

Mzee wa Uthiru ndiye aliyeuvunja ukimya. Alisema angalau sasa matajiri wamejua foleni ni moja. Watu walicheka, kicheko kibaya kizuri.

Lakini Mama alikaa na habari ya Okoth. Kibra iko jirani, wateja wake wengine walitoka huko, na alikuwa amemsikia mbunge huyo mapema mwaka ule akieleza hadharani kwamba ugonjwa wake umefika hatua ya nne, kwamba unaweza kudhibitiwa lakini hauponi. Aliendelea na kazi yake, akijulikana zaidi kwa habari ya shule na karo za watoto wa Kibra. "Alisema ukweli," Mama aliniambia kwenye matatu tukipita Valley Arcade, "na bado akaamka kwenda kazini." Alisubiri niseme kitu. Nikasema, "Wewe yako si hatua ya nne, Mama, usiwaze hayo." Akageuka dirishani. Leo ningetoa mengi nirudishiwe ile dakika ya Valley Arcade.

Kilichonigeuza mawazo kilikuwa kazi yangu ya ofisini, si hekima. Muswada ulirudi kwa usomaji wa pili, na mhariri aliniomba nihakikishe madai ya sura ya sita, kwa sababu mwandishi alisema "sayansi imethibitisha" bila kutaja sayansi ipi. Nikaanza kutafuta. Chimbuko lilikuwepo kweli. Mwaka 1979, daktari wa akili Stephen Greer na wenzake wa London walichapisha kwenye jarida la Lancet utafiti wa wanawake 69 wenye saratani ya matiti, wakasema waliokuwa na moyo wa kupigana, na hata wale waliokana kabisa kwamba wanaumwa, walionekana kuishi bila ugonjwa kurudi zaidi ya wenzao. Habari hiyo ilisafiri dunia nzima na bado inasafiri. Ndiyo iliyofika Jeevanjee, na ndiyo iliyofika kwenye simu ya shangazi.

Iliyofuata haikusafiri. Mwaka 1999, Lancet hilohilo lilichapisha utafiti wa wanawake 578, na Greer mwenyewe akiwa mmoja wa waandishi. Moyo wa kupigana haukuwa umeongeza uhai. Waliozama katika kukata tamaa kabisa walionekana kuwa na hatari iliyoongezeka kiasi fulani, na hilo ni jambo la kumpa mtu matibabu ya sonona, si la kumpa karipio. Mwaka 2002 jarida la BMJ likatoa mapitio ya tafiti nyingi, likakuta ushahidi mdogo sana kwamba namna mgonjwa anavyolipokea jambo huamua ataishi muda gani. Mwaka 2007 wakafuatiliwa wagonjwa zaidi ya 1,000 wa saratani za kichwa na shingo. Hali ya moyo wao haikutabiri nani angeishi.

Niliandika alama ya kuuliza pembeni mwa sura ya sita, kwa kalamu nyekundu, kubwa kuliko inavyohitajika.

Sikusema, wala sisemi, kwamba tumaini halina kazi. Mtu mwenye kitu cha kungojea huamka kupanda 46 ya alfajiri. Hula uji hata ukiwa na ladha ya chuma. Hurudi kwa kemo ya tano ambayo mwili wake wote unaikataa. Hiyo ni kazi kubwa. Ila haifanyiki ndani ya seli kwa amri ya mawazo, na nchini kwetu inafanyika kwenye uwanja usio sawa. Makadirio ya kimataifa ya 2022 yanasema zaidi ya Wakenya 44,000 hupata saratani kwa mwaka na zaidi ya 29,000 hufa nayo. Kwa miaka mingi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ndiyo iliyokuwa hospitali ya umma pekee yenye mashine za mionzi. Mtu alitoka Lodwar au Lamu kuja kuisubiri zamu yake Nairobi. Ukimwambia mtu huyo kwamba kilichokosekana ni mawazo mema, umemwibia mara ya pili.

Mama alimaliza kemo, akamaliza mionzi, nywele zikaota za kijivu zenye mawimbi kama ya lile wigi alilolikataa. Alirudi kwenye uongo wake wa Ijumaa, na sisi tukajua amepona. Tulijidanganya pia, kidogo. Kiswahili kina maneno mawili, kupona na kupata nafuu, na daktari alikuwa mwangalifu kutumia la pili.

Mwaka 2021 ugonjwa ulirudi, mgongoni. Hili naliandika kwa shida. Aliumwa kwa miezi miwili bila kuniambia. Alishona akiwa amesimama, akisema kiti kimeharibika. Usiku alilala ameegemea ukuta. Nilipogundua na kumuuliza kwa nini, alinijibu bila hasira, "Wewe hupendi nikilalamika." Mimi ndiye niliyemfundisha. Mwaka mzima wa 2019 nilikuwa nikimfunga mdomo sentensi moja baada ya nyingine, nikidhani namtia moyo.

Daktari alitupa barua ya kwenda Nairobi Hospice, ambayo iko palepale jirani na Kenyatta tangu 1990, ya kwanza ya aina yake nchini. Mashangazi walilia: huko ni kwa kufia. Na jina la mofini lilipotajwa, mmoja alisema tunamuua. Mama akainywa ile dawa ya maji, kipimo kidogo, kwa saa zake. Siku ya tatu aliketi kwenye kiti kile "kilichoharibika" na kuomba sindano namba 14.

Nimewaza sana juu ya siku hiyo. Mahubiri yote ya miaka miwili hayakumpa tumaini kama alilopewa na chupa ile. Mtu mwenye maumivu hana kesho. Ana dakika hii, na inayofuata ni mbaya zaidi. Dame Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa kama huyu ni ya mwili, ya moyo, ya familia na ya roho kwa pamoja, na huwezi kuyatuliza ya upande mmoja ukayaacha mengine. Na mwaka 2010 madaktari wa Boston walionyesha kwamba wagonjwa wa saratani ya mapafu iliyosambaa waliopewa mapema huduma hiyo ya kutuliza maumivu waliishi vizuri zaidi, wakiwa na sonona kidogo, na kwa wastani waliishi karibu miezi mitatu zaidi ya wenzao.

Sista wa hospisi hakumwambia Mama awe na nguvu. Alivuta kiti, akamuuliza, "Mama, ni nini kinachokusumbua zaidi usiku?" Mama alizungumza kwa karibu saa nzima. Hakuzungumzia kifo sana. Alizungumzia cherehani: nani ataichukua, kwa sababu mimi siwezi hata kutia uzi kwenye sindano. Alizungumzia kodi ya kibanda. Alizungumzia mteja mmoja aliyelipa arbuni ya suti mwaka 2017 na hakurudi, na hela ile ilikuwa inamkera. Nilikuwa nimeketi pale, binti yake wa pekee, na nilikuwa nikiyasikia yote kwa mara ya kwanza.

Tukayapanga, moja baada ya jingine. Cherehani na kibanda akamwandikia msichana aliyekuwa akijifunza kwake. Arbuni tuliirudisha, yule mteja tulimpata Dagoretti Corner, naye alikuwa amesahau. Kisha Mama akafungua daftari na kuweka tarehe tena, fupifupi safari hii: pindo la mapazia, Jumanne. Vifungo vya shati la jirani, Alhamisi. Alitimiza karibu zote. Alifariki Machi 2022, nyumbani, mchana, redio ikiwa imewashwa.

Binamu yangu aliandika tangazo la kifo akasema Mama "ameshindwa na saratani baada ya vita virefu". Nilifuta "ameshindwa". Nilifuta na vita pia. Ni mazoea ya kazi.

Mwaka jana nilipita kibandani kumsalimu yule msichana, ambaye sasa ni fundi mwenye msichana wake wa kumfundisha. Tulikuwa tukinywa chai mlangoni aliposimama mzee mwenye mkongojo na mfuko wa karatasi. Sikumtambua hadi alipofungua mdomo. Alisema barabara ni mbovu, matatu zimepandisha nauli, na hivi tunavyomwona hatafika Krismasi. Alikuwa amenenepa. Mashavu yalikuwa yamejaa, na tumbo limetangulia.

Alitoa suruali ya buluu iliyokolea mfukoni. "Mama yenu alinipunguzia hii. Sasa inanibana, siwezi hata kuketi kanisani. Nilimwambia akate, sijui kama alikata."

Hakujua kwamba Mama hayupo. Nilipomwambia, alivua kofia akaishika kwa mikono miwili, na kwa muda mrefu hakuwa na la kulalamikia.

Fundi aliigeuza suruali ndani nje, akachukua wembe, akakata uzi wa mshono wa nyuma, mmoja mmoja, kwa ncha. Kitambaa cha ziada kilikuwa pale, kimekunjwa na kulazwa vizuri pande zote mbili, upana wa vidole vitatu, buluu yake ikiwa bado mpya kwa sababu haikuwahi kuona jua. Mstari wa chaki alioupiga Mama ulikuwa bado unaonekana. Fundi alikipima kwa futi, akampima mzee kiunoni, akatikisa kichwa kuridhika.

"Kinatosha na kubaki," alisema. "Njoo Ijumaa."

Mzee alirudisha kofia kichwani. "Ijumaa ya lini?"